Kugundua mvamizi kwenye Wi-Fi ya nyumba ya wageni, kuanzia kwenye kaunta buku

Dada wa mapokezi alinipigia saa mbili na robo usiku. "Kaka, Wi-Fi inakata tena. Na mgeni wa chumba namba saba anasema imemtaka aweke pasiwedi ya imeili yake." Habari ya kukata nimeizoea, huwa naendelea kula. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nirudishe tonge sahanini. Mtandao wa nyumba ile hauombi nywila ya barua pepe ya mtu yeyote. Unaomba nywila ya Wi-Fi yenyewe na namba ya vocha, basi.

Nyumba yenyewe iko Mji Mkongwe, Zanzibar: ghorofa tatu, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa dhiraa nzima, visambazaji vinne vya Wi-Fi (mafundi tunaviita aksesi pointi), na ruta moja ya MikroTik iliyofungiwa kwenye kabati chini ya ngazi. Hakuna idara ya TEHAMA. Kuna mimi ninayepita mara moja kwa wiki, na kuna yule dada. Mwongozo huu namwandikia aliye katika hali kama yetu: anatunza Wi-Fi ya nyumba ya wageni, shule, zahanati au ofisi ndogo, hana fedha za mifumo ya mamilioni, na anataka kujua kama kuna mtu anauchezea mtandao wake.

Hatua ya 1: Andika vilivyo vyako

Nunua kaunta buku. Karatasi, ndiyo, kwa sababu siku ya mkasa kompyuta ndiyo utakayokuwa unaishuku.

Kila kisambazaji hutangaza jina la mtandao hewani mara kumi hivi kwa sekunde, na kila tangazo hubeba anwani ya MAC ya mtangazaji (namba ya utambulisho wa redio yake), inayoitwa BSSID. Hesabu zako vizuri. Visambazaji vinne, kila kimoja na masafa mawili (GHz 2.4 na GHz 5), kila masafa yakitangaza majina mawili, la wageni na la ofisi: hizo ni BSSID 16. Mimi siku ya kwanza niliamini ninazo nane, na zile nane nyingine nikazishuku kwa nusu saa nzima kabla sijagundua kwamba ni zangu mwenyewe.

Kwa kila BSSID andika chaneli, aina ya ulinzi (WPA2 au WPA3), na nguvu ya mawimbi ukiwa umesimama mahali palepale kila mara. Mimi nina vituo vitatu: meza ya mapokezi, kona ya ngazi ghorofa ya pili, na paani kando ya tangi la maji. Nguvu ya mawimbi husomwa kwa dBm, nayo huwa namba hasi: -45 ni nguvu sana, -85 ni ya kubahatisha. Ukurasa wangu mmoja unaonekana hivi:

Kona ya ngazi, ghorofa ya 2
Wageni-WiFi, 00:00:5E:00:53:11, chaneli 6, WPA2, -52
Wageni-WiFi, 00:00:5E:00:53:12, chaneli 44, WPA2, -58
Ofisi, 00:00:5E:00:53:13, chaneli 6, WPA2, -52

Simu ya Android inatosha kwa kazi hii. Pakua programu yoyote ya kuchunguza Wi-Fi. iPhone haifai, kwa kuwa Apple hairuhusu programu za watu wengine kuorodhesha mitandao iliyo hewani. Hata Android, tangu toleo la 9, huibana programu isichunguze zaidi ya mara 4 kwa kila dakika 2, ndiyo maana namba zinaonekana zimeganda wakati wewe unatembea. Kwenye Android 10 na kuendelea unaweza kuondoa kizuizi hicho katika mipangilio ya wasanidi programu.

Andika pia vifaa vyako vya kudumu: printa, kamera, mashine ya kadi, runinga za vyumbani. Simu za wageni usizihangaikie. Kuanzia Android 10 na iOS 14 simu hubuni anwani ya MAC kwa kila mtandao, kwa hiyo orodha ya simu "halali" itakuchosha bure. Alama ya anwani ya kubuni ni herufi au tarakimu ya pili kutoka kushoto: ikiwa 2, 6, A au E, anwani hiyo haikutoka kiwandani.

Kazi hii yote inachosha na haina raha. Lakini kila king'ora utakachokifunga baadaye kitakuwa kinakwambia neno moja tu: hiki jana hakikuwepo. Asiyeandika ya jana atakimbizana na vivuli.

Hatua ya 2: Zipatanishe saa

Hapa sisi Waswahili tuna kizaazaa chetu peke yetu. Dada wa mapokezi aliandika kwenye daftari lake "saa 2:15 usiku". Ruta ikasema 20:15. Laptopu yangu ya kusikiliza, ambayo niliiacha kwenye saa za UTC, zilizo saa tatu nyuma ya zetu, ikasema 17:15. Tukio moja, saa za aina tatu. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikitafuta kwenye kumbukumbu jambo la saa nane na robo usiku wa manane, kumbe nimeisoma 2:15 kizungu.

Washa NTP (huduma ya kupatanisha saa kupitia mtandao) kwenye kila kifaa, weka ukanda wa saa wa Africa/Dar_es_Salaam, na umwombe aliyeko mapokezi aandike saa kama inavyosomeka kwenye skrini ya kompyuta. Kisha hakikisha kumbukumbu za matukio hazikai ndani ya ruta peke yake. MikroTik isipoelekezwa vingine huziweka kwenye RAM, na umeme ukikatika zimekwenda na maji. Zipeleke kwenye kompyuta nyingine, mfano hii:

/system logging action set remote remote=192.168.88.10
/system logging add topics=wireless action=remote
/system logging add topics=dhcp action=remote

Upande wa pili programu ya rsyslog ya Linux huzipokea kwa UDP, mlango 514.

Hatua ya 3: Tengeneza sikio

Simu inaona mitandao inayojitangaza. Haioni fremu za udhibiti (ujumbe mfupi wa kuunganisha na kuachanisha vifaa) zinazoruka kati ya kisambazaji na simu za wageni, na humo ndimo uchokozi mwingi unamofanyika. Kwa hiyo unahitaji redio inayoweza kuwekwa katika hali ya usikilizaji, yaani isijiunge na mtandao wowote, ikae tu na kudaka kila kinachopita.

Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) au laptopu kuukuu yenye Linux inatosha. Kinachogomba ni adapta ya USB. Uliza chipu iliyomo ndani kabla hujatoa pesa: AR9271 inafanya kazi na Linux bila usumbufu lakini husikia GHz 2.4 tu, MT7612U husikia masafa yote mawili. Muuzaji akikwambia "zote sawa, bosi", muage kwa heshima.

Programu ninayotumia ni Kismet, ya bure:

sudo kismet -c wlan1

Kisha fungua kivinjari kwenye mlango 2501 wa kompyuta hiyo. Elewa udhaifu mmoja: redio moja husikia chaneli moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo Kismet huiruka-rukisha, na ikiwa chaneli 11 haijui kilichotokea chaneli 6. Ukiweza pata adapta mbili, moja iruke, nyingine ukae nayo pale penye shaka.

Na kuna suala la heshima, na la sheria pia. Redio hii inadaka mawasiliano ya jirani na ya mpita njia. Unachokihitaji ni fremu za udhibiti, si mazungumzo ya watu. Mipangilio ya Kismet inakuruhusu usihifadhi fremu za data, itumie. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina ya mwaka 2018, na zote mbili zinagusa kudaka mawasiliano bila idhini. Mwenye nyumba akuandikie karatasi kwamba amekupa kazi ya kuulinda mtandao wake.

Hatua ya 4: Mtafute pacha

Mchezo wa kale kuliko yote ni kutangaza mtandao wenye jina lako. Mgeni anaona "Wageni-WiFi", anabonyeza, amekwisha. Kismet hukamata hili kwa king'ora kiitwacho APSPOOF, lakini lazima uiambie zipi ni zako. Hapa kaunta buku linalipa. Kwenye faili la kismet_site.conf andika:

apspoof=wageni:ssid="Wageni-WiFi",validmacs="00:00:5E:00:53:11,00:00:5E:00:53:12"

na uendelee mpaka BSSID zote za jina hilo ziingie. Ukisahau moja, king'ora kitakulilia kwa kifaa chako mwenyewe.

Nirudi kwenye usiku ule. Nilipofika, simu yangu ilionyesha "Wageni-WiFi" mara mbili, moja yenye kufuli, nyingine wazi. Yetu ina nywila iliyobandikwa nyuma ya mlango wa kila chumba, kisha ndiyo vocha. Kwa hiyo huyu asiye na kufuli si wetu. BSSID yake haikuwemo kwenye kitabu, chaneli 6. Nilipima kwenye vituo vyangu vitatu: mapokezi -78, paani -70, kona ya ngazi ghorofa ya pili -41. Kisambazaji changu mwenyewe, kilichotundikwa kwenye ukumbi uleule wa ghorofa ya pili, kilisoma -52 pale. Kuta za matumbawe hula mawimbi vibaya sana, na kwa mara ya kwanza nilizishukuru: mtu wa barabarani asingeweza kusikika kwa -41 mle ndani. Kifaa kilikuwa kwenye ghorofa hiyo.

Kama huna antena ya kuelekeza upande mmoja, tumia kifua chako. Shika simu karibu na kifua na ugeuke polepole. Mwili wa binadamu umejaa maji na hunyonya mawimbi ya GHz 2.4. Mawimbi yakishuka, chanzo kiko mgongoni mwako. Rudia sehemu tatu, utapata uelekeo wa kutosha.

Herufi ya pili ya BSSID ile ilikuwa A, dalili ya anwani ya kubuni, kama zile za simu inayogawa intaneti. Usiifanye ushahidi lakini: visambazaji vingi vikitangaza jina la pili hujibunia anwani za aina hiyohiyo. Vyangu viwili vinafanya hivyo.

Jaribio la uhakika ni kuingia. Tumia simu kuukuu isiyo na akaunti yoyote, isiyo na laini, isiyo na namba ya pesa. Jiunge, kisha tazama mambo mawili: lango ulilopewa (ruta ya kutokea intaneti) ni anwani gani, na je, simu hiyo imetokea kwenye orodha ya DHCP ya ruta yako, yaani orodha ya vifaa ilivyovigawia anwani? Ile ya usiku ule ilipewa lango nisilolijua, haikutokea kwenye orodha yangu, na ukurasa wa kwanza uliofunguka uliomba barua pepe na nywila. Jina la nyumba ya wageni lilikuwa limeandikwa juu, na limekosewa herufi moja.

Sikubisha hodi kwenye chumba chochote. Dada alipita mezani kwa wageni waliokuwa wakila na kuwaambia kwa mdomo. Mgeni wa chumba namba saba alibadilisha nywila yake palepale kwa kutumia bando la simu. Mimi nikaacha Kismet ikiandika. Pacha alitoweka saa nne asubuhi, muda ambao wageni wawili wa ghorofa ya pili walikuwa wakirudisha funguo. Zaidi ya hapo sina ushahidi, na sikumtaja mtu.

Miezi kadhaa baadaye APSPOOF ikalia tena, na nikakimbia nikiwa tayari na hasira zangu. Safari hii pacha alikuwa na kufuli, na nywila yetu ilimfungua. Simu ya majaribio ikapewa lango letu lenyewe na ikatokea kwenye orodha yetu ya DHCP. Kwenye jedwali la ARP la ruta (linaloonyesha IP ipi ni ya MAC ipi) niliona anwani saba za IP zikibeba anwani moja ya MAC. Huyo si pacha wa kuiba nywila, ni kirudufishi cha mawimbi: kinajiunga kama mteja mmoja, kisha kinatangaza jina lilelile na kubeba watu nyuma yake. Nilifuata mawimbi mpaka ng'ambo ya uchochoro, kwenye duka la kanga. Mwenye duka alikuwa amepewa nywila na mmoja wa wapishi, akanunua kirudufishi, na alikuwa anauza intaneti yetu kwa saa. Bei yake ilikuwa chini ya yetu. Bi Mkubwa mwenye nyumba alivuka uchochoro mwenyewe, akakaa barazani, akanywa kahawa, na jambo likaisha kabla ya adhuhuri. Hata hivyo uvamizi ni uvamizi, na nywila tuliibadilisha siku hiyohiyo.

Jirani nisingemdharau kabisa. Mwaka 2024 kampuni ya usalama ya Volexity ilieleza jinsi wadukuzi wa Urusi walivyoingia kwenye taasisi moja ya Washington mwaka 2022 bila kusogea karibu nayo: walidukua kompyuta iliyokuwa kwenye jengo la jirani, wakatumia Wi-Fi ya kompyuta hiyo kuvukia upande wa pili. Mvamizi wako anaweza kuwa bara jingine, na antena yake ikawa ndani ya duka la jirani asiyejua lolote.

Mjanja zaidi hunakili hata BSSID, na hapo orodha ya anwani haikusaidii. Tazama vitu asivyoweza kunakili kwa urahisi: chaneli inayobadilika ghafla (CHANCHANGE), saa ya ndani ya matangazo inayorukaruka (BSSTIMESTAMP), mawimbi yanayosoma -52 na -80 kwa zamu ukiwa umesimama palepale. Ila jua kwamba umeme ukikatika na kurudi, saa hizo huanza upya zote, na kengele hulia nyumba nzima. Vilevile visambazaji vya GHz 5 vilivyo kwenye chaneli zinazotumiwa na rada vinalazimika kuhama vikihisi rada. Angalia kumbukumbu za kisambazaji chenyewe kwanza: kama kimeandika kwamba kimehama, hakuna mwizi.

Hatua ya 5: Hesabu wanaofukuzwa

Kwa nini usiku ule Wi-Fi ilikuwa inakata kabla ya pacha kutokea? Kwa sababu simu haimkimbilii pacha aliye wazi wakati mtandao wake halisi unafanya kazi. Lazima kwanza ifukuzwe, mgeni akasirike, abonyeze mwenyewe.

Kufukuza ni rahisi mno. Kisambazaji kikitaka kumwondoa mteja hutuma fremu ya kumtoa, na katika WPA2 ya kawaida fremu hiyo haina saini. Mtu yeyote anaweza kuituma kwa jina la kisambazaji chako. Ili kuzitazama, geuza rekodi ya Kismet na kuifungua kwenye Wireshark, programu ya kusomea fremu:

kismetdb_to_pcap --in usiku.kismet --out usiku.pcapng

halafu chuja:

wlan.fc.type_subtype == 0x0c || wlan.fc.type_subtype == 0x0a

Fremu hizi kuwepo si kosa. Simu ikiondoka inaaga, na visambazaji vingine huwaondoa wateja wenye mawimbi hafifu ili wahamie kilicho karibu. Unachotafuta ni mwenendo usio wa kawaida. Wingi kwanza: makumi kwa sekunde, zikielekezwa kwa ff:ff:ff:ff:ff:ff, yaani kwa wote. Pili namba ya sababu iliyomo ndani ya fremu: aireplay-ng, zana ya kufukuzia wateja, hutumia namba 7 isipoambiwa vingine, na kwa kila amri moja inayomlenga mteja hurusha fremu 128, yaani 64 kwa kisambazaji na 64 kwa mteja. Mafungu ya 64 yakijirudia, hiyo si simu inayoaga.

Tatu, na hii ndiyo ninayoipenda, ni namba za mfululizo. Kila fremu hubeba namba kutoka 0 hadi 4095 inayopanda hatua kwa hatua. Kwenye rekodi yangu matangazo ya kisambazaji yalikuwa 2210, 2211, 2212. Katikati yakaingia mafukuzo yenye jina lilelile na namba 17, 18, 19. Kisha tangazo likaendelea na 2213. Wasemaji wawili kwa jina moja. Nguvu ya mawimbi nayo ilisema hivyohivyo: matangazo -52, mafukuzo -41. Namba hiyo ya -41 tulishakutana nayo kwenye kona ya ngazi.

Kufukuza kuna lengo la pili. Simu ikirudi mtandaoni hupeana mkono na kisambazaji kwa hatua nne, na aliyedaka mkono huo anaweza kwenda kukisia nywila nyumbani kwake bila wewe kujua. Kwa hiyo ukiona wimbi la mafukuzo hata bila pacha, ichukulie nywila yako kama imo mikononi mwa mtu anayeikisia. Ikiwa ni jina la nyumba na mwaka, ibadilishe leo. Na nisiwafiche: kuna njia iliyotangazwa mwaka 2018, ya PMKID, isiyohitaji kumfukuza mtu yeyote, na mtu anayesikiliza tu bila kutuma chochote haachi alama hata moja. Kismet haitamwona. Kwenye WPA2, dhidi ya huyo una nywila ndefu, huna kingine.

Dawa ya mafukuzo ni ulinzi wa fremu za udhibiti, 802.11w, ambao kwenye WPA3 ni wa lazima. Ukiuwasha, fremu za kughushi hupuuzwa na simu zinazouelewa. Mashine za zamani zinaweza kugoma kuunganishwa, kwa hiyo anza na hali ya hiari, uone nani analia. Ukiwa humohumo kwenye mipangilio, zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa PIN badala ya nywila. PIN yake ya tarakimu 8 hukaguliwa kwa vipande viwili, na hiyo hushusha makisio hadi 11,000 tu.

Hatua ya 6: Angalia na upande wa waya

Hatari nyingine huletwa na mfanyakazi mwema. Ofisi ya uhasibu haina mawimbi, mtu ananunua ruta ndogo Darajani, anaichomeka kwenye tundu la ukutani, na tayari umepata mlango usiokuwa na kitasa. Ruta hizo mara nyingi hugawa anwani zenyewe, kwa hiyo MikroTik inaweza kuzinasa:

/ip dhcp-server alert add interface=bridge-ofisi valid-server=00:00:5E:00:53:01 disabled=no

Anwani hiyo iwe ya ruta yako. Seva nyingine yoyote ya DHCP ikijitokeza, itaandikwa kwenye kumbukumbu. Pitia pia jedwali la swichi (kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao): tundu la kompyuta moja likionyesha anwani nne za MAC, nenda ukalitazame kwa macho. Na kwenye ARP, ukiona anwani ya lango na anwani ya mteja zikibeba MAC moja, kuna anayejifanya lango.

Tenganisha mtandao wa wageni na wa ofisi, mashine ya kadi isikae na simu za wapita njia. Kampuni ya maduka ya TJX ya Marekani ilijifunza hili kwa gharama: wadukuzi walianzia kwenye Wi-Fi dhaifu ya duka, iliyolindwa kwa WEP, ulinzi wa kale kabla ya WPA, wakafika kwenye mifumo mikuu kuanzia mwaka 2005, na ilipotangazwa mwaka 2007 namba za kadi milioni 45.7 zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa. Mwaka mmoja na nusu ndani ya nyumba ya watu.

Hatua ya 7: Ukimkuta

Usimrudishie. Mifumo mingine ina kitufe cha "kuzuia" mtandao usiojulikana, nacho hufanya kazi kwa kutuma mafukuzo yaleyale. Nchini Marekani, Oktoba 2014, Marriott walikubali kulipa dola 600,000 baada ya hoteli yao moja ya Nashville kuzima kwa njia hiyo mitandao ya simu za wageni. Ukikosea shabaha, mvunja sheria ni wewe.

Fanya haya: hifadhi rekodi, nakili faili kwenye flashi na uandike saa, piga picha ya skrini ya mtandao wa bandia na ya ukurasa wake, waambie watumiaji mara moja, kwa lugha nyepesi, badilisha nywila baada ya kunakili ushahidi. Tanzania taarifa hupokelewa na TZ-CERT iliyo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, Kenya na KE-CIRT/CC iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kama kuna fedha iliyoibwa, polisi pia.

Tazama na nje. Aprili 2018 maofisa wa Urusi walikamatwa The Hague wakiwa na gari la kukodi lililoegeshwa hotelini, jirani na makao ya shirika la kupambana na silaha za kemikali, OPCW. Buti lilijaa vifaa vya Wi-Fi, na antena ilikuwa imefunikwa koti.

Na watu wako ni vitambuzi bora kuliko Raspberry Pi. Mwaka huohuo wa 2024 niliokwisha kuutaja, polisi wa Australia walimshtaki mtu kwa kutangaza Wi-Fi ya bandia ndani ya ndege. Waliomgundua ni wafanyakazi wa shirika la ndege walioona mtandao wasioufahamu wakati wa safari. Dada wetu wa mapokezi hajui namba za mfululizo ni nini, wala hazihitaji. Nimemwachia maswali matatu ya kumuuliza mgeni anayelalamika: imekata saa ngapi, uko chumba gani, na je, imekuomba kitu chochote zaidi ya vocha? Majibu anayaandika. Nyuma ya milango tumebandika karatasi mpya: "Wi-Fi hii haiombi barua pepe yako wala PIN ya simu."

Baada ya yote hayo, chukua simu urudi mapokezi, kona ya ngazi na paani, upime upya, maana umebadilisha ulinzi na pengine chaneli, na namba za zamani hazitumiki tena. Ukurasa wa zamani usiuchane. Upige mstari mmoja wa mshazari, andika tarehe, funua unaofuata.